Udi wa Nyumba Nyingine

Shati la mume wangu lilikuwa linanukia udi usio wangu. Ilikuwa Alhamisi baada ya Isha, Novemba 2022, umeme umekatika mtaa mzima wa Langoni. Nilikuwa nakwenda kuliroweka, nikalinusa kwanza, maana wakati huo nilikuwa nimeshajizoesha kunusa kila nguo yake kabla haijaingia majini.

Anayepika udi atanielewa. Kila mwanamke wa Lamu ana mkono wake. Vijiti ni vile vile, sukari ni ile ile, lakini marashi na mafuta kila mmoja huchagua yake, na nyumba mbili hazinukii sawa. Mimi huzidisha waridi, na sukari huiacha ishike rangi kidogo kabla sijaepua. Shati lile lilikuwa na miski nzito, imeganda kwenye kola na mabegani, harufu ya mtu aliyekaa kwenye chumba kilichofukizwa na akakaa muda. Nikaketi sakafuni uani, shati mapajani, moyo unanipiga masikioni. Alipokuja kuniuliza mbona niko gizani, nikamwambia kichwa kinaniuma.

Kutouliza usiku ule ndilo kosa lililozaa mengine. Kutoka siku ile mpaka tuliporudi kuwa mke na mume ilipita miezi kumi na moja. Katika miezi hiyo mashine ya boti ilikwenda, mteja wangu mkubwa wa kofia alikwenda, na mwanangu wa miaka sita alirudi kukojoa kitandani. Naandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye leo usiku ameketi na shati mapajani.

Nianze nyuma, kwa sababu wivu wangu haukuanza na shati.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alinichukua tukanunue samaki ufukoni, na baba alikuwa safarini Faza, kisiwani Pate, kama kawaida yake, biashara ya ng'onda, samaki wakavu. Mwenye mashua mmoja aliyetoka huko akamwona mama, akamwamkia kwa furaha, akamwambia, "Hongera, mwenzio amejifungua salama." Hakuwa na ubaya. Alidhani mama anajua. Mama akasema ahsante. Akalipa samaki, akahesabu chenji, tukarudi nyumbani, akapaa magamba, akapika. Sikumwona akilia. Lakini tangu siku ile kila baba akirudi, mama alikuwa akipekua: mifuko, kikapu cha safari, mikunjo ya shuka. Akaniambia neno nililolishika kuliko nililofundishwa chuo cha Kurani: "Mwanamke asiyepekua ndiye wa mwisho kujua."

Sina ugomvi na ukewenza. Ni halali katika dini yetu na nina ndugu wanaoishi nao kwa heshima. Kilichomuumiza mama ni kufichwa, tena kuambiwa hadharani, mkono umeshika samaki. Mimi nikaolewa mwaka 2014 nikiwa nimeibeba siku ile kama sehemu ya mahari yangu.

Mume wangu ni nahodha wa boti. Huvusha watu Mokowe, upande wa bara, na msimu wa wageni huwapeleka Manda Toto, Takwa, mara nyingine Kiwayu, ambako hulala huko. Miaka ya mwanzo tuliishi vizuri. Kisha mwaka 2019 akaja nyumbani akanihadithia, anacheka, kwamba alimvusha binti ya ami yake, yule ambaye wazee waliwahi kutaka amwoe, na kwamba siku hiyo botini walikuwa wawili tu kwa sababu abiria wengine walichelewa. Alinihadithia mwenyewe, sikumuuliza.

Nilimnunia siku tatu. Siku ya nne nikamtolea kila neno nililokuwa nimelihifadhi. Nilimhoji walizungumza nini, alivaa nini, kwa nini hakungoja abiria wengine. Alijibu yote, na kila jibu nililigeuza swali. Mwisho akasema, "Basi, sitakuhadithia tena." Nilidhani nimemtia adabu, kumbe nimemfundisha kwamba kwangu mimi ukweli ni ghali kuliko kimya.

Hili ndilo ningependa lieleweke kuliko yote nitakayoyaandika hapa. Watu husema wivu hufichua. Mimi niliona wivu unavyofunza mtu kuficha. Mwenzio akisema kweli akapigwa mawe, akinyamaza akapewa chai, atachagua nini? Kisha ule ukimya wake ndio unaokuja kukupa sababu ya kushuku zaidi, na sasa kweli kuna kitu kimefichwa, na wewe unajiona ulikuwa na haki tangu mwanzo.

Baada ya shati nikaanza upekuzi wenyewe. Akilala, namshika kidole taratibu nafungua simu, naingia nayo chooni. Nilisoma kila kitu. Nilijua mara ya mwisho alionekana WhatsApp saa ngapi na dakika ngapi. Tiki moja ikikaa muda mrefu, tumbo linanisokota. Tiki moja maana yake ni kwamba ujumbe haujafika kwenye simu yake, basi: imezimwa, au hakuna mtandao, na njia ya Kiwayu mtandao hupotea, nami nalijua hilo tangu sijaolewa. Akili ilijua, mwili ukakataa kujua. Nilikuwa namtumia salamu zisizo na haja ili nione tiki tu.

Kwenye WhatsApp sikukuta kitu. Nilikikuta kwenye ujumbe wa M-Pesa. Shilingi 5,000, jina la mwanamke, Alhamisi. Wiki iliyotangulia, 5,000, jina lile lile, Alhamisi. Nikarudi nyuma, nikakuta mara nne. Na wiki ya lile shati hakukuwa na ujumbe, nikajiambia hiyo alimpelekea mkononi.

Ningeweza kumwamsha nikamuuliza. Badala yake nilimtuma mtoto wa kaka yangu amfuate, kijana wa miaka kumi na tano, nikimlipa mia mia. Nikaenda pia kwa mtazamiaji, jambo ambalo naliona aibu mpaka leo. Nilimpa 6,000, kuku mweusi na kitambaa. Akaniambia kuna mwanamke, si mrefu si mfupi, ana alama mwilini, na anataka nyumba yangu. Nani hana alama mwilini? Lakini nilitoka pale nikiangalia mikono na shingo za kila mwanamke niliyepishana naye vichochoroni. Pesa ile ilikuwa ya nyuzi.

Mimi hushona kofia za vito. Kofia moja nzuri ni kazi ya miezi miwili au zaidi, tundu baada ya tundu, na tundu likikosea kidogo mstari mzima unakwenda upande. Miezi ile mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Nilifumua kofia moja mara tatu. Mteja wangu wa Mombasa, aliyekuwa akichukua zote nizishonazo, aliingoja mpaka akachoka, akahamia kwa mshonaji mwingine. Sikumlaumu.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, nikaipiga ile namba. Sitayarudia niliyoyasema. Nilimwita mama wa watu majina ambayo sikujua kama yamo kinywani mwangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umemaliza?" Kisha akasema, "Mwambie mumeo Ijumaa nazitaka pesa zangu zilizobaki. Zote." Akakata.

Alikuwa mjane wa makamo wa mtaa wa Mkomani, anayekopesha watu wa boti. Mume wangu giaboksi ya mashine ilimvunjikia mwezi wa Oktoba, akakopa 90,000 kwake, akaiweka mashine yenyewe rehani, akawa analipa 5,000 kila Alhamisi. Siku moja mtandao ulikuwa mbovu akampelekea mkononi, akakaribishwa ndani, wanawe wapo, akanywa kahawa. Usiku wa kuamkia Ijumaa, kila nyumba inafukiza.

Pua yangu haikunidanganya. Alikuwa kwenye nyumba ya mwanamke na alinificha. Uongo ulikuwa katika hadithi niliyoijenga juu ya harufu. Na kwa nini alinificha? Kwa sababu ya ile siku ya binti ya ami yake. Alijua nikisikia anadaiwa na mjane, sitauliza deni ni kiasi gani. Nitauliza mjane ana umri gani.

Deni lililobaki lilikuwa 55,000, na hapakuwa na mtu wa kutupa pesa hiyo kwa siku nne. Ijumaa wakaja vijana wawili, wakaifungua mashine, wakaibeba kwa mkokoteni. Ilikuwa mwanzo wa Desemba, kaskazi imeshaingia, wageni wanashuka Manda kila siku, na boti yetu imeelea pale gatini bila mashine kama mtumbwi wa maonyesho. Mume wangu akawa kibarua kwenye boti za wenzake, katika msimu ambao ndio hutulisha mwaka.

Usiku huo alinieleza yote, na mimi sikumwamini. Nilimwambia deni ni shuka la kufunikia. Akasema, "Sasa nifanye nini uniamini? Nife?" Akanyanyuka kutoka. Chetezo kilikuwa karibu nami, kina makaa, nikakirusha. Hakikumpata. Kikavunjika ukutani, makaa yakatapakaa juu ya mkeka, na kaa moja likamwangukia mwanangu juu ya unyayo. Hakulia. Aliutazama mguu wake kwanza, kisha akanitazama mimi, na mimi nikakumbuka jinsi nilivyomtazama mama siku ile ya samaki.

Lengelenge lilikuwa dogo, maji baridi na wiki moja likapona. Mimi nilikwenda kwa mama na mtoto, mume wangu akabaki.

Kwa mama sikupata dawa. Nilipata kuungwa mkono, na usipojihadhari huo ni ugonjwa mwingine. Kila jioni wanawake watatu au wanne, kila mmoja na kisa cha mume wake au wa dada yake, na kila kisa kinanithibitishia. Ukiwa na wivu usikae na watu wanaokuongezea kuni, hata wakiwa wanakupenda. Kilichoniondoa pale ni kukosa usingizi. Mwezi wa Januari nilikwenda hospitali nikidhani nina presha. Muuguzi akanipima, akanipima tena, akaniuliza kama kuna jambo nyumbani. Nikalia kwenye kiti chake. Akanipeleka kwa mshauri nasaha, dada mdogo kwangu kwa umri, na nusura nirudi kwa sababu nilijiuliza huyu atanifunza nini.

Aliniuliza swali moja: "Ukishaiangalia simu usikute kitu, ile nafuu hukaa muda gani?" Nikafikiri kwa kweli. Nikamwambia, mpaka simu ilie tena. Akasema hapo ndipo penye mtego. Kupekua kunatuliza, kwa hiyo mwili unajifunza kwamba ukiogopa, pekua. Kesho hofu inarudi ina njaa zaidi, na nafuu inazidi kuwa fupi. Akanieleza pia kwa nini nilikuwa nasikia moyo masikioni: mwili ukihisi hatari humwaga homoni zile zile za kukimbia nyoka, damu inakwenda miguuni na mikononi, na fikra inabana inatazama kitu kimoja tu. Katika hali hiyo mtu hawezi kupima ushahidi. Anaweza kushambulia au kukimbia. Ukimya wa dakika ishirini, au zaidi, bila kuichochea hadithi kichwani, mwili hushuka wenyewe.

Mimi hili nililielewa kwa maji. Kwetu mtoto anajua bamvua: maji yanapanda mpaka unadhani yataingia dukani, na baada ya saa sita yametoka yameacha mchanga mtupu. Hakuna anayeyashindilia kwa mikono. Nikaanza kungoja. Hamu ya kupekua ikija, naangalia saa, naweka simu yangu chumbani, natoka uani, nashika sindano au nafua. Siku za mwanzo dakika kumi zilinishinda. Ilichukua wiki tatu kufika nusu saa, na siku ya kwanza iliyopita bila kumpigia kumuuliza yuko wapi nililala kama niliyefunga Ramadhani nikafuturu.

Akanipa na kazi ya daftari. Nilichukua la mtoto, lile la mistari, nikagawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza, nilichokiona kwa macho au kukinusa, bila neno la ziada. Ya pili, nilichojiambia. Ya tatu, ninachokiogopa. Nikaandika: shati linanukia miski. Ana mwanamke. Kwenye safu ya tatu nilikaa muda mrefu kalamu mkononi, kisha nikaandika: nitakuwa ufukoni na mtu atanipa hongera. Sijawahi kumwambia mtu sentensi ile. Nilikuwa namuuliza mume wangu kila siku swali ambalo lilikuwa la baba yangu.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Nilikwenda kwa mshauri yule mara saba, na mara mbili nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko nilivyokwenda. Gharama haikuwa kubwa, ada ya kadi tu, lakini aibu ya kuonekana kwenye benchi lile katika mji ambao kila mtu anajua mama yako ni nani, hiyo ndiyo bei. Nenda hivyo hivyo.

Aliyenisukuma kulipa deni langu alikuwa halati yangu, dada wa mama, ambaye amefundisha wasichana chuoni miaka mingi. Nilimwambia nimejuta, nimetubu, yamekwisha. Akaniambia kisa ambacho nilikuwa nakijua nusu. Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa kwenye nyumba ya mmoja wa wakeze, mke mwingine akamtuma mtumishi na chakula. Mwenye nyumba akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka ikavunjika. Mtume akaviokota vipande mwenyewe, akakikusanya chakula, akasema, "Mama yenu ameona wivu." Hapo ndipo mimi nilipokuwa nakiishia kisa, kwenye huruma. Halati akasema, "Malizia basi. Mtumishi hakuondoka mpaka ilipotolewa sahani nzima kutoka nyumba ile ile, ikapelekwa kwa mwenye sahani iliyovunjwa." Akanitazama. "Hakumfedhehesha. Lakini sahani ililipwa. Wewe ya yule mjane umeilipa?"

Akanisomea na ile aya ya Suratul Hujurat inayokataza dhana nyingi na kupelelezana, ambayo nimeihifadhi tangu mtoto. Nilikuwa naisoma katika sala, kisha naingia chooni na simu ya mtu.

Nikaenda Mkomani, peke yangu, baada ya Alasiri. Nilichukua mkate wa sinia na pakiti ya udi niliopika mwenyewe. Alinifungulia mlango, hakunikaribisha, tukazungumza nimesimama dakani, pale mlangoni. Nikamwambia niliyoyasema hayakuwa ya kweli na nilijua wakati nayasema kwamba sina hakika nayo. Akaniambia simu ile aliipokea huku mwanawe wa kike yuko kando yake, na binti alisikia kila neno. Sikuwa nimelifikiria hilo. Akachukua mkate, udi akanirudishia. Alisema, "Huu peleka ukafukize kwako." Mpaka leo akiniona ananijibu salamu na kupita. Nadhani ni haki yake. Kama unakwenda kuomba radhi, usiende ukitarajia kukumbatiwa.

Mashine tuliikomboa mwezi wa Mei 2023. Niliuza bangili zangu mbili za dhahabu, mume wangu akaongeza alichokipata kibarua. Nilikuwa nimesharudi nyumbani mwezi mmoja kabla.

Kuzungumza ndiko kulikokuwa kugumu. Nilizoea "Ulikuwa wapi?" yenye sauti ya askari wa kizuizini. Mshauri alinifunza kuanza na safu ya kwanza na kuishia na ya tatu, nikiiruka ya pili: nimenusa kitu hiki, nimeingiwa na hofu hii, nisaidie kujua. Mara ya kwanza kuijaribu ilitoka kama hati ya mashtaka iliyokaririwa, akatoka nje. Mara ya pili akakaa. Tukapanga Jumamosi, baada ya Alasiri, juu darini, mtoto kwa halati, birika la kahawa. Kwanza yeye anasema hesabu ya pesa ya wiki: zilizoingia, anazodaiwa, anamdai nani. Kisha mimi nauliza nitakalo, naye anajibu, na nikishajibiwa swali hilo limekufa, siruhusiwi kulifufua Jumanne usiku. Nusu saa. Hilo la kutofufua ndilo lililonitoa jasho.

Naye alikuwa na lake la kubeba, na sitaki kumsafisha. Kuweka mashine rehani bila mkeo kujua ni kosa, wivu wangu uwe umechangia au la. Alilikubali, si siku moja. Ahadi yake ni mbili: akilala safarini anapiga simu kabla mtandao haujakatika, anasema kwa nani, na deni lolote nitalisikia kwake kwanza. Ahadi yangu ni kwamba simu yake siigusi. Hakunipa namba ya siri, na mimi sikuitaka. Wako wanaofunguliana simu na wanaishi kwa amani. Kwangu mimi ingekuwa kumpa mlevi funguo za duka.

Mwezi wa Julai, kusi imekaza, safari hakuna, yuko nyumbani siku nzima na simu inalia, nilianguka. Usiku nilimshika kidole. Nikasoma, sikukuta kitu, na nafuu ilikaa kama mshauri alivyosema. Asubuhi nilimwambia mwenyewe kabla ya chai. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Afadhali umesema." Alinuna siku mbili, na nilimwacha anune.

Kuna mambo mawili nisipoyasema nitakuwa nimedhulumu mtu. La kwanza, si kila wivu ni ndoto. Ikiwa safu yako ya kwanza imejaa mambo unayoyaona kwa macho, na kila ukiuliza kwa upole unatukanwa au unaambiwa una wazimu, basi tatizo lako si wivu, na dakika ishirini za kungoja hazitalitatua. Tafuta mzee mwenye busara wa upande wake, au nenda kwa Kadhi. Ndoa zote nchini, za Kiislamu zikiwemo, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka zisajiliwe, kwa hiyo una haki ya kuuliza mahali panapoulizwa.

La pili linanihusu mimi niliyerusha chetezo. Dada mmoja aliniambia mumewe anamwonea wivu "kwa sababu ananipenda sana", na wakati huo hakuwa anaruhusiwa kwenda kwa mamake, simu yake inakaa mfukoni mwa mume, na amepigwa mara mbili. Huko si kupendwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inahesabu pia kuandamwa na kunyanyaswa kimawazo, si kipigo peke yake, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Namba 1195 inapigwa bure, saa zote. Na kama wewe ndiye unayerusha, unayefuata, unayefungia watu, nakuomba utafute msaada kabla kaa halijamwangukia mtoto. Mimi nilichelewa kwa kaa moja.

Mwanangu ameacha kukojoa kitandani. Ilichukua mpaka Septemba. Nilimwomba radhi, nikamwambia mama alikuwa na hofu na akafanya kosa, na kwamba hofu ile haikuwa yake. Akaniuliza kama chetezo kipya ni cha udongo pia. Nikamwambia ndiyo. Akasema kiwekwe mbali.

Mwezi wa Mfungo Sita wa mwaka ule, kabla ya Maulidi ya Riyadha, nilimaliza kofia mbili, mistari imenyooka. Mteja wa Mombasa hajarudi. Nimepata mwingine, anachukua moja moja.

Jana mume wangu amepiga simu jua linazama. Amepeleka shehena Faza, upepo umekaza, hawezi kurudi usiku. Faza, kati ya sehemu zote. Nilimuuliza atalala kwa nani. Akanitajia, akanitajia na mtaa. Ujumbe wa usiku mwema niliomtumia saa tatu ulikaa na tiki moja. Nikalifungua daftari, nikaandika kwenye safu ya kwanza: yuko Faza, upepo, amepiga simu. Safu ya pili niliiacha wazi. Ya tatu naijua. Nikazima taa ya uani, nikaingia ndani kumfunika mtoto.